Kifua kikuu cha ubongo hakisubiri majibu ya maabara

Mtoto yuko wiki ya pili ya homa. Zahanati imempa dawa mseto ya malaria, ikamwongezea antibiotiki, lakini bado anatapika, amepungua uzito na hataki tena kucheza na wenzake. Akianza makengeza ya ghafla, kisha degedege, jirani atasema malaria imepanda kichwani, bibi atasema ni dege, na ukoo utaanza kubishana: mganga au hospitali ya wilaya? Huenda wote wamekosea. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wa kifua kikuu huanza hivyohivyo, polepole, na kila siku inayopotea katika mabishano humpunguzia mtoto nafasi ya kupona.

Tumezoea kukisikia kifua kikuu kama ugonjwa wa kikohozi, ndiyo maana aina hii hatuizungumzii, ingawa ndiyo mbaya kuliko zote. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 iliwapata watu wazima wapatao 164,000 duniani, na karibu nusu yao walikufa. Kwa watoto waliotibiwa, takriban mmoja kati ya watano hufa, na zaidi ya nusu ya wanaopona hubaki na athari: kutosikia, kutoona, kupooza upande mmoja, kichwa kujaa maji, kushindwa masomo. Hao ni waliopata dawa. Asiyezipata hafiki mbali.

Dawa zenyewe si ngeni, wala mgonjwa hazinunui katika vituo vya serikali. Ni zilezile nne za kifua kikuu cha mapafu kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi kumi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliruhusu pia tiba ya miezi sita yenye dozi kubwa kwa watoto na vijana, iliyotokana na uzoefu wa Afrika Kusini. Huongezwa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe kwenye ubongo. Utafiti wa Vietnam uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba inapunguza vifo. Kwa wanaoishi na VVU, utafiti mwingine wa mwaka 2023 haukuona faida hiyo, na hapo daktari ana kazi ya kupima mwenyewe.

Basi kwa nini watu wanakufa hivi? Wanachelewa, na wengi wanacheleweshwa. Mgonjwa aliyeanza dawa akiwa na fahamu zake timamu ana matumaini mazuri. Aliyefikishwa akiwa amezimia, matumaini ni finyu. Watafiti wa Vietnam waliwahi kuwaongezea wagonjwa dozi ya rifampisini pamoja na dawa nyingine juu yake. Majibu yalitoka mwaka 2016: kati ya wagonjwa 817, hapakuwa na nafuu ya vifo. Mpaka leo hakuna dawa ya kufidia wiki zilizopotea.

Sehemu ya ucheleweshaji huo iko kwenye sindano ya mgongoni. Mitaani inasemekana kwamba anayetolewa maji mgongoni hupooza au hafiki asubuhi. Ukweli ni kwamba mgonjwa hulazwa ubavu, akajikunja magoti kifuani, na sindano huingizwa chini kabisa ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Maji hudondoka tone kwa tone kwenye vichupa. Baadhi ya wagonjwa, kama waliopooza upande mmoja, huhitaji kupigwa picha ya kichwa kwanza, lakini wengi hawahitaji. Wanaokufa baada ya sindano kwa kawaida hufa kwa ugonjwa uliowafanya wachomwe wakiwa wamechelewa, na uvumi hukua juu ya kaburi lao. Wauguzi na madaktari wangetumia dakika tano tu kumweleza baba wa mtoto hayo, saini ya ridhaa ingepatikana bila ugomvi.

Lakini lawama nyingine ni ya hospitali zetu. Maji hayo huchukuliwa kidogo mno, kichupa chenye mililita moja, na bakteria wa kifua kikuu humo huwa wachache. Kwa mtu mzima inatakiwa mililita sita au zaidi. Mashine ya GeneXpert, inayowatafuta bakteria hao, ikisema hakuna kitu, faili hufungwa. Huo ni uzembe. Jibu hasi haliondoi ugonjwa huu, hata kwa vipimo vipya zaidi. Katika maji hayo sukari ikiwa chini, protini juu, na chembe nyeupe aina ya limfosaiti zikiwa nyingi, na nyumbani kuna mtu anayekohoa, dawa zianze siku hiyohiyo. Daktari anayesubiri uhakika atautia saini kwenye cheti cha kifo.

Kuna tahadhari moja ya mpangilio wa dawa: mwenye VVU ambaye hajaanza ARV anatakiwa kutibiwa kifua kikuu kwanza, ARV zikafuata baada ya wiki nne hadi nane, maana zikianza mapema mno uvimbe wa ubongo unaweza kupanda.

Na kinga? Chanjo ya BCG, iliyotumika kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1921, haimkingi mtu mzima vizuri, lakini mtoto mchanga humkinga hasa dhidi ya aina hii. Katikati ya mwaka 2025 majirani zetu Kenya walikumbwa na uhaba wa chanjo hiyo, na akina mama walirudi kutoka kliniki mikono mitupu. Wizara yetu isijisahau: akiba ya BCG ihesabiwe kabla haijaisha. Tena, kila anapogundulika mgonjwa wa mapafu, watoto wanaolala naye nyumba moja wafuatwe na kupewa dawa za kinga. Mwongozo upo, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na nauli zao ndizo mara nyingi hazipo.

Mzazi, ukiwa na mtoto mwenye homa na kutapika kwa zaidi ya wiki moja, na nyumbani kuna mtu anayekohoa, mwambie daktari habari za huyo anayekohoa kabla hujaulizwa. Akitaka kumchoma mtoto sindano ya mgongoni, kubali.