Figo Haizoeleki kwa Mwaka Mmoja

“Ukimaliza mwaka salama, mwili umeshaizoea figo, dawa waweza kuacha.” Kauli hii inaua figo za watu waliopandikizwa, ndiyo maana naanza nayo. Alama za utambulisho za HLA zilizo juu ya seli za figo iliyopandikizwa hubaki za aliyeitoa siku zote. Miezi ya mwanzo, seli za kinga za mgonjwa ziitwazo seli T saidizi huziona alama hizo moja kwa moja kwenye seli za dendritiki zilizokuja na figo. Dendritiki hizo hatimaye huisha, lakini zile za mgonjwa mwenyewe huendelea kuokota vipande vya protini za figo na kuvionyesha kwa seli T saidizi ndani ya tezi za limfu. Njia hii ya pili haifungiki maadamu figo imo mwilini. Kwamba mwili hauzoei kulionekana zamani: mwaka 1943, Thomas Gibson na Peter Medawar waliripoti kutoka Glasgow habari za mwanamke aliyeungua. Ngozi ya kaka yake ilipopandikizwa mara ya pili, iliharibika upesi kuliko ya kwanza. Kuzoea kungekuwapo, ya pili ndiyo ingedumu.

Kisa hicho kinajibu pia wanaodai figo ya ndugu haikataliwi. Pacha wa kufanana, sawa. Ndivyo daktari Joseph Murray alivyofanikiwa kupandikiza figo Boston, Desemba 1954. Ndugu wengine wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kulingana HLA kikamilifu, na hata hao hunywa dawa.

Wapo wanaosema seli T saidizi ndizo zinazoitafuna figo. Kumbe kazi kubwa ya seli hizo ni kuchochea seli nyingine. Hutoa interleukini-2, nazo seli T zinazoua huongezeka. Seli B nayo hunasa kipande cha HLA ngeni, hukionyesha kwa seli saidizi inayokitambua, na ikipata idhini yake huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya figo. Dawa ya takrolimasi hukata mazungumzo hayo mapema: huizuia seli T isitengeneze interleukini-2. Dozi zikirukwa, mazungumzo yanarudi.

“Lakini najisikia vizuri!” Naiogopa sana kauli hii. Kingamwili huweza kuharibu mishipa midogo ya figo polepole bila maumivu yoyote, na kreatinini, taka inayochujwa na figo, ikipanda kwenye kipimo cha damu, sehemu ya figo huenda imeshakufa.