Mtoto wa Chekechea Hahitaji Joho

UPEPO WA MWERA
Na Mzee Usipa

Msimu wa mahafali umewadia, na hasira yangu ya kila mwaka imewadia nao. Wiki hii makundi ya WhatsApp ya mwambao wetu wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, yamejaa picha zilezile: watoto wa miaka mitano na sita wamepangwa kwenye mabenchi juani, joho jeusi la poliesta limewafika vifundoni, kofia ya pembe nne imewaangukia machoni, na kila mmoja ameshika kichwa kwa mkono ili upepo usimpokonye usomi wake. Mgeni rasmi yuko kivulini na chupa ya maji. Wasomaji wa safu hii wanajua mimi na wageni rasmi tuna kesi ya siku nyingi, kwa hiyo leo namwacha kwanza. Mwenye kosa ni aliyeamua kwamba mtoto hawezi kusherehekea mpaka ateseke. Huo si urembo, ni adhabu yenye kishada. Na sisi wa Mbaha, hapa mwambaoni, tuna udhuru mdogo kuliko watu wengine wote nchini, maana mwambao huu ulishajua namna ya kujivika cheo bila kutoka jasho la bure tangu zama za babu zetu.

Kwanza tulijue vazi lenyewe. Joho la wasomi lilitoka katika vyuo vya Ulaya vya zama za kati, ambako wanafunzi walivaa kama makasisi na kukaa katika kumbi za mawe zisizo na moto wa kutosha. Lilikuwa refu na zito kwa sababu wenyewe walikuwa wanatetemeka. Kama mtu wa Umatengo, juu kule kwenye kahawa na ukungu, ataniambia joho linamfaa asubuhi ya Julai, sitabishana naye sana. Lakini Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na miezi hii ya kungojea mvua ndiyo ya joto kali kuliko yote. Kumfunga mtoto wa pwani ya ziwa ndani ya nguo isiyopitisha hewa, tena yenye rangi inayolivuta jua, ni kuiga dawa ya baridi mahali pasipo na mgonjwa wa baridi.

Sasa tuangalie mganda. Ngoma hii ya wanaume wa ziwani ni maigizo ya jeshi, na jeshi halikuwa hadithi ya mbali kwetu: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli, ambapo wakati huo paliitwa Sphinxhafen. Vita ile, ya Kwanza ya Dunia, iliwachukua vijana wa kanda hii kuwa askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma za Afrika Mashariki, aliueleza mganda pamoja na beni, ngoma ya gwaride na vyeo iliyoanzia pwani ya Kenya ikasambaa bara. Wachezaji wa mganda walitaka kuwa jeshi, lakini hawakusubiri stoo ya jeshi iwafungulie. Kaptula nyeupe, shati jeupe, soksi ndefu, viatu vilivyopigwa rangi, basi. Tarumbeta ya shaba haikuwapo, kwa hiyo wakachukua kibuyu, wakakitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui ulio mwembamba kama karatasi ya sigara, wakakiimbia mpaka kikakoroma kama bendi nzima. Mtu wa kaptula anainua goti, anageuka, anachuchumaa, anacheza mchana kutwa. Mvishe joho uone kama atafika hata kwenye wimbo wa pili.

Wala si akili ya mwambao huu peke yake. Mwaka 1951, katika mji wa migodi wa Luanshya, Zambia ya leo, mtafiti Clyde Mitchell aliiangalia ngoma ya kalela. Vijana wa migodini walivaa suruali za kijivu zilizonyooshwa, fulana safi na viatu vinavyong'aa, nguo ambazo kesho yake mtu angeweza kuzivaa kwenda matembezini. Katika kundi alikuwamo “daktari,” na udaktari wake wote ulikuwa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani. Alikuwamo pia “nesi,” mwanamke pekee kundini, aliyezunguka na kioo na leso ili wachezaji wajitazame na kujifuta. Kundi zima lilielewa nani ni nani. Vazi la kuigiza linahitaji alama moja inayosomeka kutoka mbali, na nguo nyingine zote ziwe za kumwezesha mtu kuinama, kukimbia, kunywa maji na kwenda chooni bila kuitiwa msaidizi. Kigango chochote kinachoigiza Krismasi kinaijua kanuni hii: mchungaji ni shuka na fimbo, malaika ni shuka jeupe, Mariamu ni khanga kichwani, na hakuna muumini aliyewahi kukosa kuitambua Bethlehemu.

Mahafali yafuate njia hiyohiyo. Shati jeupe la shule lipo tayari nyumbani. Juu yake, mkanda wa kitenge kutoka begani hadi kiunoni, uliokatwa kwenye mabaki ya fundi cherehani na kubanwa kwa pini. Ukiona kofia ni lazima, boksi na lastiki vinatosha, na mtoto ataipenda zaidi akiipaka rangi mwenyewe. Anayetaka kuwa daktari ageuziwe shati la baba nyuma mbele, akunjiwe mikono. Mvuvi, nahodha, mwalimu, wote wanapatikana kwa kitu kimoja cha kushika mkononi.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo wanaosema joho humpa mtoto hamu ya kusoma. Hamu ya kusoma huletwa na kitabu na mwalimu. Na kama ni ishara tu inayotakiwa, mkanda unaishika vilevile. Hoja ya pili ina uzito zaidi: vazi moja kwa wote huficha tofauti ya tajiri na maskini. Ingekuwa kweli kama joho lingekuwa bure. Tangu Januari 2016 shule za umma hazitozi ada ya elimu msingi, na mchango wa joho ni ada iliyotolewa mlangoni ikarudi kupitia dirishani. Mzazi asiyelipa, mwanawe anaonekana peke yake bila joho mbele ya kijiji kizima. Sare inayoficha umaskini kweli ni ile ambayo kila mtoto ameshakuwa nayo. Hoja ya tatu ni ya wapenda mila, kwamba mavazi mazito ni yetu pia: Wamakonde wana ngoma yao ya vinyago, mapiko, na jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wana yao, gule wamkulu. Ni kweli, lakini pale mwili unafunikwa ili mchezaji asijulikane, na anayefunikwa ni mtu aliyefunzwa kwa kazi hiyo. Mahafali yana kusudi lililo kinyume kabisa: mzazi amekuja kumwona mwanawe.

Kwa hiyo kamati za shule ziamue mapema, kabla mwenye majoho hajapita kuchukua malipo ya awali. Na kama bado ipo kamati inayoona sherehe haiwezi kunoga bila joho, basi na lishonwe moja, zito, jeusi, la kufika vifundoni, avalishwe mgeni rasmi, asogezwe juani, ndipo apewe kipaza sauti. Hotuba itafupika yenyewe.