Giligilani Haitaki Shamba

Sisi watu wa pwani tuna udhuru mmoja tuupendao mno: "Hatuna mahali pa kupanda." Husemwa na mtu ambaye kila jioni humtuma mtoto akanunue fungu la kotmiri, ilhali kabatini mwake mna kopo la mbegu za mmea huo huo. Nionavyo mimi, tatizo letu si uhaba wa ardhi, bali ni mazoea.

Nimepata kufika Kebirigo, huko Nyamira katika nchi ya Wagusii. Atafutaye ardhi tupu huko atarudi mikono mitupu. Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za mashambani zilizosongamana watu mno katika Kenya, na majani chai yamepandwa hadi karibu na milango ya nyumba. Hata hivyo, kando ya jiko hapakosi kipande cha ardhi, upana wa mikeka miwili, kilichoachiwa managu, chinsaga na, kwa baadhi yao, dania. Mama wa nyumba hutoka na kisu, akakata kiasi cha chungu chake, akarudi zake ndani. Sisi tunaolalamika tuna nyua, baraza na madari, navyo vyote vimekaa vitupu.

Dania hiyo ndiyo kotmiri yetu, na ndiyo giligilani. Dania na kotmiri ni majina yaliyotoka Bara Hindi. Giligilani latokana na Kiarabu, juljulani. Mmea wenye majina matatu katika lugha moja si mgeni katika nyumba hiyo. Lakini wako leo watoto wetu wasiojua kwamba ile punje ya duara isagwayo katika bizari na lile jani la kachumbari ni kitu kimoja. Watajuaje, nao hawajauona ukiota?

Nitajibiwa kwamba Kebirigo kuna baridi na mvua. Ni kweli. Kule mmea hukaa na majani kwa muda mrefu. Kwetu joto huuhimiza kutoa maua mapema. Lakini dawa ipo. Chukua giligilani nzima, isiyokaangwa wala kukaa miaka. Zisugue taratibu hata kila punje ipasuke, kwani ndani yake mna mbegu mbili, kisha ziloweke usiku kucha. Tafuta debe kuukuu lenye kina cha shibiri moja, litoboe chini, utie udongo na samadi iliyooza, na uzifukie mbegu nusu inchi. Zisie papo hapo zitakapokulia, maana mzizi wake haupendi kuhamishwa. Debe lipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, na udongo usikauke wala usirowe. Zitaota baina ya wiki 1 na 3, na baina ya wiki ya 4 na ya 6 utaanza kukata. Sia nyingine kidogo kila baada ya wiki 2 au 3, nawe hutakosa majani.

Yakija maua, usiung'oe mmea kwa hasira. Uache ukauke, uvune punje. Joto lililokupunguzia jani limekupa mbegu ya kupanda tena na bizari ya mchuzi.

Tangu chuoni tumefundishwa kwamba Mwislamu akipanda mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hatukuambiwa lazima liwe shamba la ekari kadhaa. Debe moja uani, na jirani akaja kuomba majani mawili ya mchuzi wake, hilo nalo limo. Wahenga nao walituonya: mtumai cha nduguye hufa maskini.

Basi atakaye kujaribu na asie Shaaban inapoandama. Ramadhani nayo itakapoandama, ataanza kukata kotmiri ya futari uani mwake.