Mapenzi bila Utawala?

Wako wasemao kwamba michezo ya jukwaani hapa Goma ihadithie mapenzi tu, mambo ya utawala iyaache. Sisi twakataa. Januari 2025 M23 walipouteka mji huu, jamaa nyingi zilitawanyika. Ni nani aliyewatenga mume na mke, kama si wenye bunduki? Basi mapenzi yao yatasimuliwaje bila kuwataja hao?

Kenya, mwaka 1977, mchezo wa Kamiriithu ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii ulionyesha binti aliyedanganywa na mwana wa tajiri, na baba aliyepoteza shamba. Serikali iliupiga marufuku. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Je, mchezo ulikufa? Ungali ukisomwa. Achukizwaye na kioo, na aoshe uso.