Kukanda na Kuganga

Mwili wa mwanadamu na chombo cha udongo ni ndugu katika Kiswahili. Mtungi una mdomo, una shingo, una tumbo; aliyeupa majina hayo aliutazama kwanza mwili wake mwenyewe. Vitabu vya dini navyo vina habari hiyo. Kurani, katika sura ya 55, yasimulia kwamba mtu aliumbwa kwa udongo mfano wa ule wa vyungu, na nabii Yeremia aliagizwa aende nyumbani kwa mfinyanzi akajifunze. Si ajabu, basi, kwamba waganga wa nafsi na wakandaji wa mwili katika zama hizi wamekichukua chungu kuwa mfano wa mtu aliyeumia akatafuta kupona. Mfano wenyewe ni mwema. Kibaya ni matumizi yake, na matumizi hayo yastahili kupingwa.

Mfano upendwao kupita yote ni ustadi wa Wajapani uitwao kintsugi, ambao kwa huo chombo kilichovunjika huungwa, na mistari ya maungo yake ikapambwa kwa dhahabu. Wahubiri wa kujikubali wameutoa Japani wakautembeza dunia nzima. Mwanamke aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani, mama aliyepasuliwa tumbo katika uzazi, kijana aliyeunguzwa uso kwa moto, wote huambiwa neno moja: kovu lako ni dhahabu, umevunjika ukazidi uzuri, jipende. Haki na itendeke: maneno hayo yamewaondolea wengi fedheha iliyowafanya wajifiche, na mtu aliyejificha hapati tiba. Walakini faraja isiyosema kweli ni mkopo, na mwenye kuulipa ni mgonjwa yule yule. Mahubiri hayo yana makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba dhahabu ndiyo iungayo. Kiungacho vigae ni utomvu wa mti uitwao urushi, uliochanganywa na unga wa ngano au na mchele uliopondwa. Utomvu huo ukiwa mbichi huwasha ngozi na kuitoa malengelenge, hata fundi hana budi kuushika kwa hadhari. Haukaushwi juani, chombo huwekwa mahali penye uvuguvugu na unyevu, utomvu ukagandamana polepole. Kisha huja kusugua, kupaka tena, na kungoja tena. Kazi huchukua majuma, pengine miezi, na vumbi la dhahabu hunyunyizwa mwishoni, kama poda usoni. Ahubiriye dhahabu peke yake amewaonyesha watu siku moja ya kazi akawaficha siku zote zilizotangulia. Mgonjwa asiyejiona kuwa dhahabu baada ya wiki moja hujilaumu kwamba hajui kujipenda, kumbe yu katika siku za utomvu, siku za kuwashwa na kungoja.

Kosa la pili ni kumwachia aliyevunjika kazi yote ya kujiunga. Hakuna chungu kilichojifinyanga. Hapa Kiswahili kina hekima ambayo wasomi wake hawana haja ya kuiazima mbali, kwa kuwa neno kukanda hutumika kwa kazi mbili: mfinyanzi hukanda udongo, na mkunga hukanda mwili wa mzazi. Udongo usiokandwa vema hubaki na mapovu na unyevu usiolingana. Maji yaliyojificha ndani yakikutana na moto hugeuka mvuke, na chombo kikapasuka jokoni. Mzazi wa pwani naye, katika siku zake arobaini, hukandwa kwa maji ya moto na mikono ya mwanamke mwingine mwenye kuijua kazi hiyo. Hakuna amwambiaye kwamba angejipenda vya kutosha asingehitaji kukandwa. Palipo na kukanda pana mikono ya mtu mwingine, na mikono hiyo ina muda wake, ujuzi wake na ujira wake. Fundisho liondoalo mikono hiyo likaacha kioo na maneno matamu si tiba. Ni njia ya kuwapunguzia gharama wale waliopaswa kutibu.

Ama kilichokwisha kupita motoni hakikandwi tena. Joto la kiasi cha digrii 600 huyatoa hata maji yaliyofungamana na udongo wenyewe, na tangu hapo hakuna maji yawezayo kuurudisha kuwa tope. Yeremia aliliona jambo hili. Katika sura ya 18 ya kitabu chake chombo kiliharibika mkononi mwa mfinyanzi, na kwa kuwa udongo ulikuwa mbichi kikafanywa kingine. Katika sura ya 19 aliamriwa avunje gudulia mbele ya watu, liwe ishara ya kitu kisichotengenezeka tena. Mfupa uliovunjika nao haukandwi, na akandaye huzidisha madhara. Hapo ndipo panapotakiwa neno la pili, kuganga. Kuganga ni kufunga na kuunga, na ndiko kutibu pia; gango ni kipande cha mti au cha chuma kishikacho palipoachana, na mganga ni mwenye kazi hiyo.

Katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo limo bakuli la kijani lililofanywa Longquan, China, katika karne ya 13, jina lake Bakohan. Maandishi ya mwaka 1727 yasimulia kwamba Ashikaga Yoshimasa, mtawala wa karne ya 15, alilipeleka China kwa kuwa lilikuwa na ufa, akiomba jingine lililo sawa nalo. Akajibiwa kwamba mfano wake haupatikani tena, na bakuli likarudishwa limetiwa magango ya chuma. Magango yalionekana kama nzige, na bakuli likapata jina lake kwayo. Wahubiri wa dhahabu hupenda kukifanya kisa hiki kuwa chanzo cha kintsugi, wakidai kwamba Yoshimasa aliyachukia magango akawataka mafundi wake wavumbue kilicho kizuri zaidi. Lakini shahidi yungali hai: bakuli lipo, halina dhahabu, lina magango yake yale yale, na limeheshimiwa nayo kwa karne nyingi. Kukubaliwa hakukungoja kupambwa.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi: mvunjaji hatajwi. Chungu hakina la kudai kwa aliyekiangusha, bali mtu analo. Mke aliyevunjwa mkono na mumewe, na mfanyakazi aliyekatwa vidole na mashine isiyo na kinga, wana haki ya kumwuliza aliyewadhuru na kumdai fidia. Wakiambiwa kwamba majeraha yao yamewaongezea thamani, basi mvunjaji amegeuzwa sonara, na yawapasa kumshukuru. Hakuna falsafa ya kujikubali iwezayo kusimama juu ya msingi huo.

Watetezi watasema kwamba mgonjwa ahitaji tumaini, na kwamba magango na malengelenge si habari za kumtuliza. Jawabu liko jikoni. Methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni hutumiwa kumsikitikia fundi akosaye matunda ya kazi yake. Walakini ina ushahidi mwingine, kwamba gae lingali chombo cha kulia. Gae huchukulia makaa ya moto kwa jirani. Gae likisagwa huchanganywa katika udongo mpya, na chungu kipya kikapata kuuhimili moto. Hakuna aliyeliambia gae kwamba limekuwa dhahabu, wala aliyelitupa kwa kuwa si mtungi. Lilipewa kazi na mahali katika nyumba, na hilo ndilo tumaini lisilomdanganya mtu.

Kwa hiyo mfano wa chungu usiachwe, bali urudishwe kwa wenye kuijua kazi ya udongo. Kilicho kibichi kikandwe, kilichovunjika kigangwe, na aliyevunja aulizwe. Baada ya hayo matatu, mwenye dhahabu na ainyunyize akipenda. Asiye nayo asiambiwe kwamba hajapona.