Nani Amsemea Mwenye Kungoja Barua?



Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo ambalo halikuwamo katika orodha ya mashauri, nalo likatuchukua muda mrefu kuliko hesabu za msimu. Wenzetu wanaokaa Kwaluguru, upande wa Handeni, waliovuka bahari zamani kwenda kulima mahindi na machungwa lakini mikarafuu yao ingali huku kwetu, walituletea waraka. Waraka wenyewe ulikuja kwa mkono: kwa gari hadi Korogwe, kutoka Korogwe hadi Tanga, na kutoka Tanga kwa chombo hadi Pemba. Wataka akiba ya Chama isilale benki, bali inunuliwe hisa za makampuni makubwa yenye kuhudumia umma. Khalafu, wasema, tukae kitako tungoje tajiri aje azitake kwa bei ya juu. Mfano walioutoa ni wa Posta ya Uingereza, Royal Mail, iliyonunuliwa nzima mwaka 2025.

Tuliombwa tujibu katika kurasa hizi. Twajibu.

Kwanza mfano wenyewe tuutazame vizuri, maana umetajwa na wengi na wachache wameufanyia hesabu. Posta ile ni ya tangu zama za Mfalme Henry wa Nane, mwaka 1516, na watu wote wakaruhusiwa kuitumia mwaka 1635. Ilikuwa mali ya dola mpaka Oktoba 2013, Serikali ilipouza hisa zake nyingi kwa peni 330 kila moja. Raia waliozitaka walikuwa wengi kupita kiasi, basi karibu kila mnyonge aliyeomba akapewa hisa 227, yaani pauni 749 na kitu. Aliyeomba za zaidi ya pauni 10,000 hakupata hata moja, na watu wakacheka. Wafanyakazi nao walipewa sehemu yao bure.

Siku ya kwanza tu hisa zilipanda kwa zaidi ya thuluthi. Mwaka 2018 zilipita peni 600. Mwaka 2020 zikaporomoka chini ya 150. Mwaka 2024 akaja Bwana Daniel Křetínský, tajiri wa Ucheki, aliyekwisha kushika zaidi ya robo ya hisa zote. Akataja peni 320, akakataliwa. Akarudi na 370 pamoja na magawio, na mwezi wa Mei wakurugenzi wakawashauri wenye hisa wakubali. Jumla yake ni kama pauni bilioni tatu na nusu.

Sasa mwanachama achukue kalamu. Hisa 227 kwa peni 370 ni pauni 839 na senti tisini. Mtu huyu amekaa nazo zaidi ya miaka kumi na moja, na faida yake katika kuuza, tukiacha magawio aliyokuwa akipewa njiani, ni pauni 90 na ushei. Hiyo ndiyo neema tuliyoandikiwa kutoka Kwaluguru! Aliyeuza siku ya kwanza alipata zaidi kuliko aliyengoja tajiri.

Wenye hisa walijadiliana sana, na majadiliano yao yafaa tuyajue kwa kuwa ndiyo tutakayokuwa nayo sisi. Wako waliosema bei yafaa, barua zinakufa, shika fedha uende zako. Hao walikuwa na hoja: kiasi cha mwaka 2004 Posta ile ilikuwa ikichukua barua karibu bilioni 20 kwa mwaka, na leo hazifiki bilioni 7. Wako waliosema wanaibiwa mchana, kwa sababu kampuni hiyo ina tawi la vifurushi huko Ulaya, jina lake GLS, lenye kuleta faida, na tajiri alikuwa akililenga hilo huku akijifanya anaitaka posta. Hao nao walikuwa na hoja. Wako pia wazee waliotaka kubaki na hisa zao kwa mapenzi tu.

Lakini hao wa mwisho na wajue kanuni ilivyo. Mnunuzi akipata sehemu kubwa ya kutosha huiondoa kampuni katika soko la hisa, na wewe uliyebaki na karatasi yako huna pa kuiuzia. Akipata tisa katika kumi ya zile alizozitaka, sheria ya huko yampa haki ya kuchukua zilizosalia kwa bei ile ile, upende usipende. Mnunuzi alitimiza kadiri yake tarehe 30 Aprili 2025, na mwezi wa Juni jina la kampuni likafutwa sokoni. Mdogo aweza kusema hapana, na hapana yake isimzuie mtu.

Katika mjadala wote ule wa bei, twauliza, nani alimsemea mwenye kungoja barua? Si wenye hisa. Wao hawakuulizwa hilo. Tangu mwaka 1840 desturi ya Posta ya Uingereza ni kwamba barua yenye uzito mmoja hulipiwa bei moja, iende mtaa wa pili au iende visiwa vya Shetland kule kaskazini ambako bahari ni kali kuliko yetu. Sisi watu wa visiwa twajua thamani ya jambo hilo bila kufundishwa. Gharama ya kuipeleka barua Shetland hailipwi na stempu yake. Hulipwa na stempu za mjini. Mtu akitazama faida peke yake, Shetland ni hasara, na Kwaluguru ni hasara zaidi.

Waliomsemea ni chama cha wafanyakazi na Serikali. Serikali ilikubali mauzo mwezi wa Disemba 2024 baada ya kushika hisa moja ya pekee, waiitayo hisa ya dhahabu, yenye kumzuia mwenye mali asihamishe makao makuu wala ulipaji kodi nje ya nchi bila ruhusa. Wafanyakazi walipatana wapewe sehemu moja katika kumi ya magawio atakayojilipa mwenyewe. Haya hayakutoka katika moyo mwema wa soko. Yalidaiwa kabla ya kalamu kugusa karatasi, na baada ya hapo yasingepatikana.

Tuseme na la upande wa pili tusije tukaitwa wapotoshaji. Kuanzia Julai 2025 barua za daraja la pili huko hupelekwa siku moja na kuachwa siku moja, na Jumamosi hazipelekwi. Wengi wamemlaumu tajiri. Lakini ruhusa hiyo ilitolewa na msimamizi wa posta, Ofcom, na maombi yake yalianza kabla tajiri hajaimiliki kampuni. Faini ya pauni milioni 21 iliyotozwa Oktoba 2025 kwa kuchelewesha barua nayo ni ya mwaka wa hesabu uliokwisha kabla ya mauzo kutimia. Ugonjwa ulikuwamo tangu kampuni ikiwa ya wenye hisa wengi wadogo. Kuwa na hisa mikononi mwa raia hakukuitibu.

Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Posta na simu zetu zilikuwa shirika moja, kwanza la Afrika Mashariki, na baada ya 1977 la Tanzania. Mwaka 1994 zikatenganishwa. Posta ikabaki mali ya Serikali. Simu, yaani TTCL, mwaka 2001 iliuziwa wageni, MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, asilimia 35 pamoja na uendeshaji. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Iliyolipwa ni nusu, na nusu ya pili ikawa ugomvi. Hisa zile zikapita mikono, zikafika kwa Bharti Airtel ya India, na mwaka 2016 Serikali ikazirudisha kwa shilingi bilioni 14.9. Miaka kumi na mitano! Mwenye thuluthi ya mali ndiye aliyeshika usukani, na mwenye mali alikuwa abiria.

Basi rai yetu ni hii. Hatupingi akiba kununua hisa. Twapinga kununua kwa matumaini ya kuuza kwa tajiri, na twapinga zaidi kwamba Kamati, watu saba, iweze kukubali au kukataa bei bila mkutano. Twapendekeza iandikwe katika kanuni kwamba ikija bei ya kununua kampuni ambayo Chama kina hisa ndani yake, wanachama waitwe, wa Kwaluguru na Korogwe wakiwamo, na swali la kwanza liwe huduma itabaki vipi kwa aliye mbali, ndipo tuingie katika senti.

Liko pia jambo dogo lenye kutusumbua. Barua ya kutangaza bei huenda kwa anwani iliyoandikwa katika daftari, na ina siku yake ya mwisho. Wengi wetu anwani zetu ni sanduku la skuli au la msikiti. Katika daftari letu wenyewe tumehesabu majina ya marehemu ambao warithi wao hawajaja kubadilisha, na sehemu zao zimelala. Kama hatuwezi kumfikia mwanachama kwa hesabu za karafuu, tutamfikiaje kwa hesabu za hisa?

Shauri litaletwa mbele ya mkutano mkuu ujao. Wenye mirathi ambayo haijatengenezwa waje ofisini na karatasi za kadhi kabla ya siku hiyo. Wenzetu wa Kwaluguru tumekwisha kuwaandikia. Jibu letu nalo limekwenda kwa mkono.

Katibu