Mtoto akiitwa Dar es Salaam

Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Mwaka 2015 Deus Kaseke alikwenda Yanga, na kocha Juma Mwambusi naye akaelekea huko huko. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho nchini mwaka 2019. Miraji Athumani akachukuliwa na Simba, na mwaka uliofuata timu ikashuka daraja.

Hatuwalaumu vijana. Kutafuta riziki ya halali ni haki yao, na klabu inayochelewesha mishahara haina hoja ya kumzuia mtu. Linalotusikitisha ni namna wanavyoondoka: bila mkataba, au kwa mkataba ambao hakuna aliyeusoma. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu isiyotunza kumbukumbu za usajili itadai kwa ushahidi gani?

Ndugu wazazi, mnapotufuata baada ya swala mkitaka dua kwa mtoto anayekwenda majaribio, dua tutaomba. Ila njooni na karatasi tuzisome pamoja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Sisi tunamkabidhi mtoto kwa ahadi ya simu. Wakala aulizwe: akivunjika mguu, nani atamtibu? Na shule ataimalizia wapi?